Tume ya Kumvua Bega Barakoa

Wakaaji wote wa Kitshanga, Burungu, Mpofi na vijiji vya kando wanajulishwa kwa furaha kwamba shujaa aitwaye Bega ametambuliwa na Ofisi ya Njia, Mapokezi na Mambo Yasiyo na Ofisi Nyingine. Kwa kuwa ametambuliwa, anaombwa aje aseme yeye ni nani.

Tangazo hilo nililisoma mimi mwenyewe, Omer, katibu wa tume, kwa kipaza sauti, siku ya soko, nikiwa nimesimama juu ya kreti ya bia karibu na wauza ng'ombe. Watu walipiga makofi. Ng'ombe waliendelea na mambo yao.

Ni haki nieleze. Bega ni mtu wa kuchorwa. Anatoka katika gazeti la picha linaloandaliwa na Kahambu, dada mpole mwenye meza ndogo mbele ya duka la fotokopi la Mama Kavugho. Kahambu akimaliza toleo, Mama Kavugho analitoa nakala kwa mashine yake, jenereta ikikubali, na watu wa pikipiki wanalisambaza mpaka Mpofi.

Kazi ya Bega ni moja. Haruki angani, hapigi mtu, hatoi moto machoni. Lori likikwama matopeni, mtu anagonga jante, ile ringi ya chuma ya gurudumu, kwa jiwe, na Bega, popote alipo, anaacha alichokuwa akifanya. Anafika na gunia la kahawa mgongoni, uso umefunikwa kitambaa, anaweka bega chini ya lori, na lori linatoka. Kisha anaondoka bila kunywa hata maji. Mgeni atasema nguvu hizo ni ndogo kwa shujaa. Mgeni huyo hajasafiri kwenda Mpofi wakati wa mvua.

Watu walimpenda kupita kiasi. Watoto walivaa magunia kwenda shule, na mwalimu wao wa hesabu alivaa lake kwenda kuwafundisha. Mama mmoja alitaka mwanawe abatizwe Bega. Padre akauliza huyo ni mtakatifu gani, akaambiwa asubiri kidogo. Toleo likichelewa, habari zilijaa sokoni: Bega ameonekana Goma akinunua buti, Bega anaoa, Bega ana pacha. Habari ya mwisho ilisema kwamba katika toleo linalokuja atavua barakoa. Hiyo ndiyo iliyofika ofisini kwetu.

Shefu wetu, Papa Grégoire, aliitisha tume asubuhi hiyo hiyo. Tulikuwa yeye kama mwenyekiti, mimi, na Mama Céline wa protokoli.

"Kuko muntu anatosha magari mu matope bila ruhusa," alisema Shefu. "Njia iko kazi ya nani?"

"Iko kazi yetu, Shefu," nilisema.

"Basi anatuiba kazi."

Mama Céline aliinua kichwa. "Ile kazi tulikuwa tunaifanya, Shefu?"

"Tulikuwa tunaipanga."

Hoja ilipita bila upinzani. Mama Céline alikumbusha kwamba Bega ni picha tu, lakini Shefu alisema picha inayopendwa kuliko ofisi ni jambo la usalama. Tuliazimia kumvua barakoa.

Tangazo la sokoni lilipokosa kuleta mtu, tulikwenda kwenye meza ya Kahambu, tukamkuta akichonga penseli kwa wembe. Mama Kavugho alikuwa nyuma ya kaunta, akipigapiga mashine ubavuni ili iache kumeza karatasi. Shefu alieleza azimio letu kwa maneno marefu. Kahambu alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa Shefu," alisema, "ile masque nikiitosha, Bega anakufa."

"Anakufa namna gani? Sura haiuake muntu."

"Batu ba Burungu banasema Bega iko mulimaji wa kwabo, juu anatembeaka na buti ya shamba. Bachuruzi banasema ile bega ni ya Butembo, kwabo, ilizoea mizigo. Kule mu kambi ya bakimbizi banasema ni mwenzabo, juu hana nyumba. Hakuna mwenye anagombana na mwingine. Nikichora sura moja tu, bengine bote banabaki bila yeye."

Mimi si mtu wa kuhukumu haraka, na niliona maneno hayo yana uzito. Nilimtazama Shefu. Alikuwa akijitazama katika kioo cha mashine ya fotokopi.

"Bila cachet, bila muhuri ya ofisi," alisema, "hii gazeti haitatoka tena. Hata ukurasa moja."

Mama Kavugho aliacha kupiga mashine. Kahambu aliweka penseli chini, akaangalia kalamu zake zilizopangwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Gazeti hilo ndilo lililokuwa kazi yake, na watu wa vijiji kumi walikuwa wakilingoja.

"Nichore sura gani?" aliuliza.

"Sura ya muntu mwenye responsabilité, mwenye madaraka."

"Kama nani?"

"Mimi siwezi kujitaja," alisema Shefu. Kisha alivuta kiti, akakaa, akageuza uso kidogo upande wenye mwanga.

Mama Kavugho alisema kutoka nyuma ya kaunta, "Kahambu, chora. Lakini uchore muzuri, asifanane na mwingine."

Kahambu alichora vizuri. Alichora nundu ndogo iliyo kando ya pua ya Shefu, na pengo la jino, na nyusi zile zinazokutana katikati. Shefu aliomba mashavu yapunguzwe. Kahambu alisema sura ikipunguzwa watu watamtilia mashaka, naye akakubali yabaki. Toleo lilipokamilika, Shefu aligonga muhuri juu ya picha na kuandika kwa mkono wake: Imethibitishwa, ndiye.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu muhuri. Kabla ya siku hiyo hata mtoto alijua kwamba Bega ni wino. Lakini wino wenye muhuri ni jambo jingine. Kwetu mtu anaweza kusimama mbele ya ofisi, akipumua na kukohoa, na bado akaombwa karatasi yenye muhuri inayosema yu hai. Karatasi ikikosekana, anaambiwa arudi kesho. Tumewafundisha watu hivyo kwa miaka mingi, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Toleo lilipotoka, watu walilichukua, wakaenda kulisoma nyumbani. Mzee mmoja wa Burungu alilitazama sana, akalikunja, akasema, "Kumbe hakukuwa wa kwetu," akaenda zake. Mezani kwa Kahambu hawakubaki watu wa kubishana. Alikaa peke yake, akachonga penseli ambazo zilikuwa zimeshachongeka.

Lakini Shefu alifurahi. Sokoni aliletewa maziwa. Kanisani watu walisogea apate kiti cha mbele. Wakubwa wa ofisi nyingine walianza kumsalimu kwa mikono miwili na kumuuliza, kwa sauti ya chini, kama shujaa anaweza kuwa na msaidizi.

Kisha mvua ikanyesha.

Shefu alikuwa nyumbani kwake mezani, nami nilikuwa nimemletea karatasi za kusaini, tuliposikia jante ikigongwa langoni. Nilifungua. Alisimama Samy, dereva wa lori la maharage na jibini, matope mpaka magotini, jante mkono mmoja na jiwe mkono mwingine. Nyuma yake palikuwa na kundi la watu waliovaa magunia.

"Tunaita Bega," alisema Samy. "Gari imelala kule mu kilima."

"Mwambie aandike demande, barua ya kuomba," Shefu alisema kutoka ndani.

Samy alifikiri kwa heshima. "Mu gazeti bahaandikake demande, Shefu. Banagonga tu."

"Niko nakula."

"Mu toleo ya Pasaka ulikuwa unakula pia. Uliacha sahani."

Wenye magunia waliitikia kwamba ni kweli, aliacha sahani, tena yenye kuku. Mmoja alimvika Shefu gunia mabegani kwa upole mkubwa, kama padre anavyovishwa sakristiani. Tukapanda pikipiki.

Zamani lori likikwama, kila aliyekuwepo alisukuma: abiria, wapita njia, hata mchungaji wa ng'ombe. Siku hiyo hakuna aliyegusa. Nani angethubutu kumsukumia Bega? Walipanga mstari pande mbili za njia, akina mama wakaweka mizigo chini, wakangoja. Shefu alivua viatu. Aliweka bega chini ya lori. Akasukuma.

Lori halikusogea.

"Iko anapima kwanza," mtu mmoja alieleza.

Shefu akasukuma tena. Miguu yake iliteleza, naye akaingia matopeni kifudifudi.

"Ile ni mupya," alisema mwingine. "Haikukuwaka mu gazeti."

Ilikuwa hivyo mpaka jua likaanza kuinama. Ndipo Falone, mama anayeuza mandazi kando ya njia, alipojifunga kitenge vizuri na kusema, "Njo vile tu, hata shujaa anachoka. Tumusaidie." Walishuka wote. Waliweka mabega, wakahesabu, wakasukuma, na lori likatoka likinguruma. Halafu wakamshika Shefu, wakamnyanyua juu, wakasema Bega ametosha gari.

Nilidhani mambo yangeishia hapo. Kumbe kufaulu ndiko kulikomharibia. Habari ilifika Mpofi kabla ya lori lenyewe. Kuanzia hapo jante iligongwa kila mvua iliponyesha, na msimu ule mvua haikuwa mvivu. Waligonga wakati wa kuoga, wakati wa ibada, wakati wa usingizi wa mchana ofisini, ambao kwa utaratibu wetu haukatizwi. Shefu alikonda. Mke wake, Mama Astrid, aliniambia kwamba anafua matope tu, hajui tena rangi za nguo za bwana wake.

Shefu aliomba tume itangaze kwamba yeye si Bega. Tulikaa, tukalitazama jambo hilo kwa makini. Muhuri wake haukuweza kufutwa ila kwa muhuri wa mkubwa wake. Mkubwa alipopigiwa simu huko Goma, alisema amefurahi sana kuwa na shujaa chini yake, na kwamba Papa Grégoire asikate tamaa.

Basi Shefu alirudi kwa Kahambu. Safari hii hakutafuta mwanga. Alisimama mbele ya meza, gunia mkononi.

"Dada Kahambu, nakuomba. Chora Bega akufe."

"Akikufa, Papa, batu batakuja kulia kwako. Batakalisha kilio kwa nyumba yako, na utabalisha. Halafu batauliza nani anariti."

"Nani anariti?"

"Mutoto wako wa kwanza. Njo desturi."

Shefu alifikiri. "Basi mutume Kinshasa."

"Batasema amepata kiti na ametusahau. Batakasirika."

"Basi mu gazeti nioe bibi wa pili, banikatae."

"Unataka nimwite Mama Astrid tumuulize?" Mama Kavugho aliuliza nyuma ya kaunta.

Hakutaka. Alikaa chini kwenye kizingiti cha duka. Kahambu alimtazama, na nadhani alimhurumia, maana alivuta karatasi safi.

"Kuko njia moja," alisema. "Bega arudie kuwa wa bote. Lakini gazeti isingoje tena cachet ya mutu."

"Hata leo nasaini," alisema Shefu.

Na alisaini. Kahambu akachora. Katika ukurasa huo Bega amesimama mlimani, ana ile sura ya Shefu, nundu, pengo na nyusi. Anaweka vidole chini ya kidevu, anavuta, na sura yote inatoka kama ganda la ndizi. Chini yake kuna kitambaa kile kile cha zamani. Maneno pembeni yanasema: Walidhani wameniona.

"Kumbe sura yangu ilikuwa masque," alisema Shefu.

"Ya pili," alisema Kahambu. "Ile ya kwanza haikuvuliwa bado."

Shefu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Aliomba muhuri, nikampa, akaugonga yeye mwenyewe juu ya sura ile iliyovuliwa, kwa nguvu, na akaandika chini yake kwa herufi kubwa: Imethibitishwa, hii ni barakoa.

Toleo hilo liliisha lote kabla ya saa sita. Watu wa Burungu walirudi mezani, na wachuuzi, na watu wa kambini, wakaanza tena kubishana bila kukasirikiana. Lori lilipokwama jioni hiyo, hakuna aliyekwenda langoni kwa Shefu. Walisukuma.

Kesho yake Shefu alifika ofisini, amelala vizuri, amevaa shati jeupe. Mlinzi wetu Guy alimzuia mlangoni.

"Unanijua, Guy."

"Sura naijua, Shefu." Guy alifungua gazeti, akaweka kidole juu ya muhuri. "Lakini ofisi inasema ile ni masque. Yenye iko chini yake ni nani, mimi sijui. Siwezi kuingiza muntu nisiyemujua."

Niliitwa. Nilitazama muhuri, nikatazama maandishi, nikamtazama mtu aliyesimama mbele yangu. Karatasi haikuwa na kasoro. Nilimweleza kwa upole kwamba jambo lake linahusu tume ya kuvua barakoa, kwamba mwenyekiti wa tume hiyo kwa sasa hajulikani alipo, na kwamba tutakaa atakapopatikana. Nilimletea kiti nje.

Yuko pale mpaka leo, kati ya watu wanaongoja karatasi zao. Mama Céline anampelekea kahawa, kama anavyompelekea mtu yeyote. Jana alikuwa amekaa karibu na Falone, ambaye anangoja kibali cha kuuzia mandazi mahali anapouzia siku zote. Falone alikuwa akisoma toleo jipya, na Shefu alikuwa akisoma juu ya bega lake. Walipofika ukurasa wa mwisho, alishindwa kujizuia.

"Mama, unaona chini ya ile masque iko nani?"

Falone hakuinua macho kutoka kwenye gazeti.

"Iko mimi, Papa," alisema. "Ulikuwa unazani nani?"