Ombi la Kuandikishwa Mbuzi hadi Kupe Watakapoisha

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kambi ya Wakimbizi,

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, nilipoteza nafasi yangu kwenye foleni ya dawa ya kupe. Nilikuwa nimepanga mstari kistaarabu, nyuma ya beberu wa jirani yangu mshona nguo. Zamu yangu ilipofika, daktari wa mifugo alishusha bomba na kutangaza mbele za watu kwamba mimi si mbuzi. Ushahidi hakutoa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hema letu limepakana na zizi. Kupe wakishiba kwa mbuzi wanahamia kwetu, wala hawaulizi kitambulisho. Mwezi huu homa imelaza watu wanne kati ya sita nyumbani kwangu. Zizini wako mbuzi ishirini na wanane na hajaugua hata mmoja. Hesabu nimeirudia.

2. Mbuzi hunyunyiziwa kila Jumanne. Daktari wetu sisi huja gari likipata mafuta, na likipata mafuta huwa halina tairi.

3. Daktari wa mifugo anadai dawa ile ni kali kwa binadamu. Nimelala chini ya turubai miaka saba. Huo ubinadamu wangu alikuwa ameuweka wapi siku zote?

4. Beberu wa mshona nguo alifika hapa bila karatasi yoyote, akapewa namba ya sikioni siku hiyohiyo. Yangu ilichukua miezi kumi na mmoja, na ikaja na jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba familia yangu iandikishwe mbuzi kwa muda. Mke wangu hana kipingamizi, masikio yake yameshatobolewa. Mama mkwe amekataa. Anasema mbuzi humu ndani ni mmoja tu na yeye alimtambua tangu siku ya posa.

Ili kuwapunguzia kazi, jina langu nimeshalipenyeza kwenye orodha ya zizi, upande wa mabeberu.

Nijibiwe ndiyo au hapana kabla ya Jumanne, saa mbili asubuhi. Nisalimie wote ofisini, mlinzi wa geti, na mbwa wake, ambaye nasikia naye ameshachanjwa.

Wako katika kujikuna,
Fundi viatu, hema la mwisho, ubavuni mwa zizi

Nyongeza: Nikiwa njiani kuileta barua hii nimekuta tangazo limebandikwa zizini. Jumanne, kabla ya dawa, mabeberu wote walio kwenye orodha watahasiwa. Mheshimiwa, mimi ni binadamu, na daktari wa mifugo ni shahidi wangu. Naomba nifutwe. Mama mkwe peke yake ndiye anayesema niachwe. Jibu nalitaka kabla ya saa mbili, si saa mbili na robo.