Mwoka Mikate Hana Kosa

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na hasira, nimekunywa chai na hasira, sasa naandika na hasira. Miezi minane namposa Olive. Bati la chumba chake cha kushonea pale mtaa wa Murara nimelitengeneza kwa mikono hii. Jana kaniambia bado anamfikiria Guylain, mchumba wake aliyekwenda Beni kununua mbao, barabara ikafungwa, simu ikanyamaza. Mwaka wa tatu huu. Atanijibu Jumapili baada ya misa.

Guylain namjua. Mutu mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Lakini mimi ni Evariste, mtafsiri wa filamu namba moja mtaa wa Ndosho. Iwe ya Wachina, iwe ya Wahindi, nasimama ukumbini kwangu na mikro mdomoni kando ya televisheni, naitia Kiswahili. Nimefika Kampala, nimefika Bujumbura, Dubai nimekaa saa kumi na moja bila kutoka uwanja wa ndege. Lugha za dunia hazinitishi. Nisipoelewa, nabuni, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Na silaha ninayo. Filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe, mapenzi wakati wa vita. Kijana anakwenda jeshini. Mchumba wake anamngoja stesheni ya treni, miaka. Mwoka mikate wa mtaani anamletea mkate kila asubuhi, mwisho anamwoa. Askari anarudi, anasimama mvuani, anawaona dirishani, anaondoka bila kugonga.

Olive ataiona Jumamosi. Askari ni Guylain. Mwoka mikate ni mimi.

Jumatano, 12 Juni

Mazoezi. Nimeitazama peke yangu mara tatu. Wanaongea Kitaliano au Kipolandi, sijui, na hainihusu. Pale dirishani machozi yamenitoka mara zote tatu. Aibu gani hii. Nimetazama filamu mia nne, watu wanakatwa vichwa, silii. Humu hata risasi haionekani. Vita iko mbali, inanguruma kama lori linalopanda mlima, na wewe unamwona mwanamke tu, anapiga pasi shati lisilo na wa kulivaa. Aliyetengeneza filamu hii alikuwa na roho mbaya.

Kakule, mwenye ukumbi wa video ng'ambo ya barabara, kasikia habari. Kaandika kwa chaki mlangoni kwake: KARATE KILA SIKU, HAPANA KULIA. Na spika zake zote kazigeuzia kwangu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewaita akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya wanaouza makala, makaa ya kupikia, hapa Ndosho, waione bure, nipime maneno yangu. Kosa kubwa. Hawa wamekimbia vita mara nne, mara tano. Mabomu yalipoanza kusikika, binti wa filamu katoka na kofia na sanduku dogo. Mama Mukantwari akauliza godoro liko wapi. Mwingine akauliza sufuria. Nikasema Ulaya sufuria zinapatikana kila mahali. Mama Mukantwari akasema, "Papa Evariste, huyu mutu hakimbii, anaenda ku ndoa." Wakacheka mpaka mikro yangu ikawa bure.

Stesheni ndiyo iliyowanyamazisha. Kila mama alikuwa anawakagua wanaoshuka kwenye treni, mmoja mmoja, kana kwamba kuna wa kwake.

Mwoka mikate hawakumsamehe. Wakasema mutu wa kuleta mkate kabla hata ya matanga anajulikana anatafuta nini. Sauti yake ni mimi, basi wakanitazama mimi. Nikawafokea kwamba mkate ni mkate. Wameondoka bila kuniaga.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika na hasira kuliko ya Jumatatu.

Olive alikaa safu ya kwanza, kavaa kitenge cha kijani. Nilikuwa nimebadili mpango: askari nimpake matope. Kila alipoandika barua, nilimfanya mlevi, mwenye wanawake watano huko vitani. Olive akasema bila kugeuka kwamba mwenye wanawake watano hatunzi kitambaa cha mmoja ndani ya kofia. Kweli, kitambaa kilikuwemo. Mara tatu zote sikukiona.

Tukafika dirishani. Askari mvuani, uso wake umejaa televisheni nzima. Nikampa maneno: bakini salama, mimi nimeshapata mwingine, mnene kuliko huyu.

Olive akasema polepole, "Evariste, mdomo wake umefungwa."

Ukumbi mzima ukautazama mdomo. Ulikuwa umefungwa. Nikazima mikro. Miaka kumi na miwili ya kazi, sijawahi kunyamaza mbele ya picha. Mvua ya filamu tu ndiyo iliyosikika. Hata spika za Kakule zilikuwa kimya, kwa sababu Kakule mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu, anajifuta macho kwa shati. Kaingia bila tiketi, mwizi yule.

Jumapili, 16 Juni

Jibu ni hapana. Atamngoja Guylain.

Nilimuuliza pale nje ya kanisa kama filamu haikumfundisha kitu. Akasema imemfundisha. Yule askari alifika, baada ya miaka yote ile alifika, na hakugonga. Guylain akifika, Olive hataki asikie dirishani sauti ya mwanaume mwingine. Kisha akanishika mkono, akasema mwoka mikate hana kosa, ni mutu wa roho nzuri.

Nimetembea kwa miguu kutoka Murara mpaka Ndosho nikimtukana mwoka mikate njia nzima.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kwa Kakule. Kaka yake ni mfanyabiashara, anazungukia Uganda kufika Butembo na Beni. Nimempa Kakule karatasi ya kumpa kaka yake: Guylain, mrefu, kovu kidevuni, anacheka kabla hadithi yake haijaisha. Aambiwe Olive anamngoja, na akifika agonge. Kakule akauliza kama akili zangu zimetimia. Nikamjibu kwamba akitaka tupigane, tupigane, lakini karatasi ifike.

Imemwingia huruma, kanipa filamu nyingine ya zamani. Mapenzi na vita tena, saa tatu nzima.

Kumpata Guylain kunaweza kuchukua miezi miwili. Miezi miwili ni mingi. Filamu yenyewe nimeichunguza vizuri: vita ya theluji, askari wote wamejifunga skafu mpaka puani, mwanzo hadi mwisho. Mdomo hauonekani hata mmoja.

Olive nimemwekea kiti cha mbele.