Monsieur Aondoke Zizini Kwetu

Ndosho, Jumatano

Kwa Papa Mukubwa Ézéchiel,
msimamizi wa kikao cha familia, Majengo

Papa Mukubwa,

Salamu zangu za heshima zikufikie kabla ya hasira yangu, maana zote mbili zimo katika bahasha hii.

Unakumbuka shamba letu lilivyokuwa likilaza farasi wa watu. Kila Jumapili wenyewe walikuja na viatu virefu, wakapanda, wakashuka, wakalipa, nasi tukajiona watu. Kisha wakahama mmoja mmoja na farasi wao. Akabaki Monsieur, yule farasi mweupe, ambaye bwana wake aliaga kwamba anakwenda kununua mkate.

Vyumba vya farasi sasa tunalazia chukudu za wabeba mizigo, na kazi inakwenda vizuri. Chukudu ni mbao na magurudumu mawili ya kusukuma: haili, haiugui, haipigi teke. Kwa hiyo naomba kikao kimpeleke Monsieur kule Masisi, akaishi na ng'ombe wa ndugu yetu Édouard. Sababu zangu:

1. Hasikii Kiswahili. Alilelewa kwa Kifaransa. Mimi niliyeishia shule ya msingi, kila asubuhi nasimama kwenye matope ya uwanja wangu namwambia mnyama "reculez, s'il vous plaît", yaani rudi nyuma, tafadhali. Nikisahau s'il vous plaît, hasogei.

2. Anasalimiwa kabla yangu. Watu wa mtaa wa Katoyi wakipita ni "Bonjour, Monsieur!" na mimi nipo hapo na ndoo.

3. Anadhani chukudu ni farasi. Alfajiri zikitoka anazifuata barabarani, amejipanga katikati ya mbili zenye makaa. Lévi, mteja wetu mkubwa, alikuja kunishitakia: "Mama Philomène, farasi yako inanisukumaka na pua ku mulima. Sasa batu banasema niko muvivu!" Nilimwomba radhi. Kesho yake nikamkuta anagombana na wenzake, kila mmoja anataka asukumwe yeye na hiyo pua.

4. Kwenye harusi ya binti yangu Daniella, Monsieur aliruka ua akaingia katika picha zote. Wanaotazama picha huuliza jina la farasi. La bwana harusi hakuna anayeuliza. Mkwe wangu amenuna mpaka leo. Namwelewa, maana Monsieur alikuwa amechanwa manyoya vizuri zaidi. Nilimchana mimi.

5. Mvua ikinyesha anaingiza kichwa dirishani kwangu, ananitazama tu. Nimemvisha koti la marehemu mume wangu. Si mapenzi, ni ili aache kunitazama.

Nimechoka, Papa Mukubwa. Aondoke yeye au niondoke mimi, na mwenye funguo za geti ni mimi. Leteni lori Jumamosi.

Nisalimie Mama Mukubwa, Masika na watoto wake, na yule jirani mwenye redio. Édouard mwambie ng'ombe wake wajiandae kudharauliwa.

Mimi mtoto wenu niliyechoka kwa adabu,
Philomène

P.S. Jana jioni nilimweleza Monsieur safari yake. Nilimweleza kwa Kiswahili makusudi, ili asielewe. Hakugusa majani yake. Alikuja akaweka kichwa begani kwangu na hakukiondoa, hata nilipomwambia s'il vous plaît. Nililia, Papa Mukubwa, mbele ya wateja. Jumamosi msije. Funguo, kama nilivyoandika hapo juu, ninazo mimi.