Nagombea Kiti cha Meza Kubwa

Jumapili, 15 Juni

Tumefika Orlando. Siku mbili barabarani kutoka Indiana, ukoo mzima, wakubwa kwa watoto, ndani ya gari moja la kukodi, mimi usukani, magoti ya mama mkwe yakinichoma mgongoni njia nzima. Ukimwambia ahamie nyuma, anasema nyuma anasikia kichefuchefu. Sawa. Leo nasamehe kila mtu. Kuna habari njema!

Wakati wa chakula cha jioni mama mkwe alitangaza kwamba mdogo wake, Opal, amehamia Arizona moja kwa moja na Sikukuu ya Shukrani hatakuja. Yaani kiti kimoja cha meza kubwa kiko wazi. Nilidondosha uma.

Miaka kumi na sita nimemwoa Marcy. Na miaka yote hiyo, kila Novemba kwenye mlo wa Shukrani, mke wangu anakaa meza kubwa na ndugu zake wa damu, mimi natupwa meza ya watoto. Ile ya kukunja, inayowekwa kando ya mashine ya kufulia. Sahani za karatasi. Kikombe cha picha ya sungura. Mimi huyu! Meneja wa duka la vigae, wafanyakazi wananiita bosi, halafu mwaka jana mtoto wa miaka minne ananifuta mdomo na kuniambia nile vizuri. Bata mzinga anapotufikia amebaki shingo.

Tatizo ni Kip. Mwanyumba wangu, mume wa Joleen, dada yake Marcy. Daktari wa meno, anachekacheka muda wote kama yumo kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Naye ni wa meza ya watoto, ila kaoa juzi tu. Mama mkwe akasema Jumatano tutapumzika kwenda bustani ya burudani, twende gofu ndogo kama kawaida yetu kila likizo, na kati yangu na Kip atakayeshinda ndiye atakayekalia kiti. Kip akanipiga bega, akasema haya kaka, leta kitambaa cha kufutia machozi.

Tutaona nani atalia.

Jumatatu, 16 Juni

Bustani ya burudani kuanzia mlango ulipofunguliwa. Jua la kuchoma utosi. Tulipanga foleni mpaka nikasahau tunasubiri nini, kisha tukafungwa kwenye kigari, tukapinduliwa juu chini mara mbili tatu, tukatemwa nje, tukaenda kupanga foleni nyingine. Hiyo ndiyo raha tuliyoiendea safari yote hiyo!

Fulana za familia nazo. Joleen alituagizia wote fulana za manjano zinazofanana, majina mgongoni, tusipotezane. Ya kwangu haivuki kitovu. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu bila hata kuona haya kwamba aliagiza vipimo kwa kufuata meza tunazokaa. Meza ya watoto, kipimo cha watoto. Nikamwonyesha Kip, mbona yake imemkaa vizuri? Akasema Kip ni mume wake, anamjua mwili. Marcy alicheka mpaka akashika ukuta.

Nimetembea siku nzima tumbo nje. Mzee mmoja wa Kijerumani aliniomba tupige picha.

Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Kip hajui kona za uwanja ule wa gofu. Wala mimi sizijui. Ila mimi naweza kuzijua kabla yake! Kesho naumwa tumbo.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi nilijikunja kitandani na kuguna. Marcy aliniangalia, akanigusa paji la uso, akasema pole baba, basi ubaki. Akaniachia biskuti za chumvi na soda ya tangawizi, dawa ya tumbo ya kwao tangu enzi za bibi yake. Walipoondoka tu nikavaa viatu.

Kisiwa cha Maharamia, ndio huo uwanja wa gofu ndogo, kiko ng'ambo ya barabara. Uwanja wenyewe mzuri, haki ya Mungu. Meli nzima iliyovunjika, maporomoko ya maji yaliyotiwa rangi ya buluu, mafuvu yanayocheka ukipita, na bwawa la mamba wa kweli ambao unawalisha vipande vya soseji kwa ufito. Nikachukua fimbo na mpira, nikaanza. Nilirudia na kurudia. Shimo la mzinga: gonga ukuta wa kushoto, mpira unajileta wenyewe. Shimo la pipa: taratibu, usiwe na pupa. Shimo la ngazi: piga kwa nguvu, funga macho. Kufikia alasiri nilikuwa naupiga mpira huku naangalia pembeni. Dada wa dirishani akasema hajawahi kuona mtu mzima akijituma hivi. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia.

Kosa dogo. Nilisahau kofia. Waliporudi walinikuta kitandani, mwekundu kama nyanya, ngozi ya pua inabanduka. Marcy akauliza imekuwaje mgonjwa wa tumbo akaungua na jua. Nikasema nilisogeza kitanda dirishani nipate hewa. Mama mkwe akasimama mlangoni, akaiangalia pua yangu, kisha dirisha.

Halafu wakaenda kula mbavu za kuchoma. Zenye mchuzi mtamu, na mahindi, na mkate wa moto. Mimi, eti tumbo, nikaletewa biskuti za chumvi. Kip aliniletea mfupa mmoja uliokwisha, akasema angalau unuse.

Cheka tu, daktari.

Jumatano, 18 Juni

Ole wangu! Siku ya leo sijui niianzie wapi.

Tulifika dirishani, mimi kifua mbele, vidole vinawasha. Yule dada akauliza tunataka njia ipi. Njia ipi? Nikadhani nimesikia vibaya. Kumbe Kisiwa cha Maharamia kina njia mbili, ya Nahodha na ya Baharia! Niliyoivujia jasho jana ni ya Nahodha. Nikapaza sauti, Nahodha, Nahodha! Mama mkwe akauliza ina ngazi? Dada akasema ndiyo, nyingi. Mama mkwe akasema magoti yake hayawezi, twende ya Baharia, iko tambarare.

Nikasema ngazi zinaimarisha magoti. Marcy akanikata jicho. Basi.

Njia ya Baharia nilikuwa mgeni kama Kip, na zaidi yake nina pua inayowaka. Shimo la kwanza mpira wangu uliruka ukampata mtalii kisiginoni. La pili ukaingia kinywani mwa fuvu, ukagoma kutoka. Kip tik, tik, ndani. Kila akiingiza anasema pole sana bingwa. Mama mkwe naye alikuwa anapiga, mkono mmoja fimbo, mkono mmoja mkoba, hata haangalii, mpira unaingia. Lakini yeye hayumo kwenye mashindano. Tulipofika nusu ya njia nilikuwa nimeachwa mbali.

Hapo akili ikaamka. Sheria ya familia, aliyoiweka marehemu baba mkwe: mvua ikikatiza mchezo, mchezo umekufa, unarudiwa siku nyingine tangu mwanzo. Na huku kila alasiri mvua lazima. Juu kulikuwa na wingu jeusi limekaa pale pale. Kazi yangu ikawa moja tu, kuchelewesha!

Nikafunga kamba za viatu. Nikazifungua, nikazifunga tena. Nikasema ni ukatili kupita bila kulisha mamba, nikawalisha mmoja mmoja. Waliokuwa nyuma yetu nikawapisha kwa heshima zote. Maharusi wawili, piteni. Watoto wa sherehe ya kuzaliwa, piteni wapendwa. Kundi zima la vijana wa kanisa kutoka Georgia na mchungaji wao, karibuni, tangulieni, Mungu awabariki. Joleen akauliza nimepatwa na nini leo. Mama mkwe akasema jamani nywele zake, kazitengeneza saluni kwa ajili ya picha za likizo, asingependa zinyeshewe. Nikamwambia mama, hilo wingu ni la maonyesho tu.

Na kweli halikunyesha! Likawa linaning'inia tu. Ila sasa Kip naye akaanza kukosa. Kusubirisubiri kulimvuruga, nikadhani. Anapiga kushoto, anapiga kulia, anakuna kichwa. Mimi mpira ukaanza kunisikia. Tulipomaliza shimo la kabla ya mwisho, Joleen akajumlisha. Nimempita kwa pigo moja!

Ala! Sasa ninataka twende mbio. Nikamshika mama mkwe mkono, twende mama, twende, wingu hilo! Tukafika shimo la mwisho. Nani wako pale? Vijana wa kanisa. Wote. Kila mmoja kabla ya kupiga anaombewa na wenzake. Nikamsihi mchungaji atupishe. Akaniambia kwa upole kwamba ndugu, uvumilivu niliouonyesha kule nyuma umemgusa sana, atautumia kwenye mahubiri ya Jumapili.

Wa mwisho wao alipopiga, radi. King'ora. Wafanyakazi wanapiga kelele watu wote ndani, acheni fimbo! Nikasema pigo moja tu, moja! Mvua ikashuka kama mtu kamwaga ndoo. Nikapiga. Mpira ukachukuliwa na maji, ukarudi, ukanipita miguuni, ukaporomoka mpaka bwawa la mamba.

Mchezo umekufa. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe amesimama katikati ya maji, nywele zimemganda usoni, mkoba unachuruzika. Akaniita jina langu, Harlan. Neno hilo moja tu.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mkwe ana mafua. Bustani hatukwenda. Hakuna anayenisemesha isipokuwa watoto, ambao wanataka tena kuona pua inavyobanduka.

Nikamfuata Marcy kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, nikamwambia mchezo urudiwe kesho, safari hii njia ya Nahodha, mama atungoje benchi. Akafunga macho. Kisha akanishushia yote. Eti mama yake alishaamua tangu Pasaka kwamba kiti ni changu. Mimi ndiye wa zamani, mimi ndiye ninayemzolea theluji mlangoni kwake bila kuombwa. Mashindano yalikuwa ya kuchangamsha likizo tu. Kip alijua. Joleen alijua. Kip alikuwa anakosa makusudi ili nishinde! Akawa anapiga pembeni huku mimi nafunga kamba za viatu na kumlowesha mama wa watu.

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa tumbo dirishani.

Nikauliza: Na sasa je, kiti? Akasema hajui, mama yake kanuna, na ana haki.

Iliniuma. Nasema kweli, iliniuma zaidi ya pua. Nikanunua supu ya kuku ya tambi, nikampelekea mama mkwe chumbani. Akanywa yote. Akaniuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema halijambo. Akasema hilo dirisha lilikuwa kubwa kweli, hata shingo kwa nyuma imeungua. Nikachukua bakuli nikatoka.

Ijumaa, 20 Juni

Siku ya kuondoka. Asubuhi mama mkwe alishuka kwenye kifungua kinywa, mafua yamepungua, kajifunga kilemba cha taulo. Akakaa. Akamimina shira juu ya chapati zake za maziwa, kisha akasema mbele ya wote, Harlan mwanangu, wewe ni mtu wa vituko, lakini ni wetu. Mwaka huu unakaa meza kubwa. Basi, yameisha.

Kip akapiga makofi. Marcy akanishika mkono chini ya meza. Mimi nikajifanya nimepaliwa na kahawa. Baada ya miaka yote hiyo! Nikasema asante mama, na nilimaanisha.

Nikauliza tu, kwa kutaka kujua, kiti chenyewe ni kipi. Akasema kile kile cha Opal, pembeni, karibu na mlango wa jikoni.

Mlango wa jikoni! Kila anayepita na sufuria atanigonga kisogo. Na bata mzinga anaanzia wapi? Anaanzia kichwa cha meza, anazunguka kwa kulia, na pembe ile ndiyo ya mwisho kabisa. Nitafikiwa na shingo ile ile! Kiti chenye maana katika meza ile ni kimoja, kile cha kichwani, chenye mikono ya kuegemea. Na anayekikalia ni nani? Bibi wa miaka sabini na minane, magoti mabovu, na mafua juu.

Nikamwambia mama, tuna saa nzima kabla ya kupakia mizigo, vipi mimi na wewe tumalizie lile shimo la mwisho? Nikaweka dau kiti changu kipya kwa kiti chake cha kichwani. Akaniangalia. Akaweka uma chini taratibu, akafungua lile taulo kichwani, akaanza kukunja mikono ya sweta.

Kip ameshakimbilia kamera. Marcy ameinamia meza, kafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Maskini mke wangu, hajazoea furaha kubwa namna hii.