Foleni ya Watu Wasiopanga Foleni

Mrashi aliingia katika bustani ile ya michezo kwa tiketi halali aliyoilipia mwenyewe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo jambo la mwisho la haki alilolifanya humo kwa muda mrefu. Alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa pasi, viatu vya kung'aa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Jina la Mrashi alipewa na majirani, kwa vile alikuwa mtu wa kupita mahali, akaacha harufu nzuri, na wenye nyumba wakabaki wanatafuta pochi zao.

Siku hiyo hakuja kucheza. Mke wake alikuwa amerudi kwa mama yake tangu siku alipogundua kwamba mumewe amewachangisha watu wa mtaa mzima kwa harusi isiyo na bwana wala bibi. Na Mrashi alimpenda mke wake. Matapeli nao hupenda, tena wakipenda huumia vibaya: chakula kilikuwa hakimshuki, na usingizi alikuwa anausikia kwa majirani tu. Alipokwenda kuomba radhi, aliyefungua mlango ni mama mkwe, mwanamke mfupi aliyeuza vyombo vya plastiki sokoni miaka nenda miaka rudi, na ambaye katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyemwibia hata kifuniko.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema binti yake hatatoka humo ndani mpaka yeye mwenyewe, kwa macho yake, amwone mkwewe yuko kazini, kazi yenye bosi na saa za kuingia. Mrashi akajibu papo hapo kwamba kazi ameshapata, ni msimamizi wa wageni kwenye bustani ya michezo. Mama mkwe akasema amefurahi sana, na Jumapili ya wiki ijayo atakuja kumtazama. Kwa hiyo Mrashi alikuwa pale bustanini anatafuta kazi ambayo alikuwa ameshaajiriwa.

Alichokikuta kilimfanya asahau kutafuta.

Mchezo mkubwa wa bustani ile uliitwa Joka, kigari kirefu cha kukimbia juu ya reli, kinachopandisha watu taratibu na kuwaporomosha wakiwa wameacha matumbo juu. Kila mwenye tiketi ya mlangoni aliruhusiwa kulipanda, akipanga foleni. Asiyetaka foleni alinunua mkanda wa dhahabu, akauvaa mkononi, akapita mbele penye zulia jekundu. Huo ulikuwa mpango mzuri, isipokuwa kwamba wenye bustani walikuwa na tamaa na mikanda ilikuwa haiishi. Walikuwa wamewauzia watu wote. Foleni ya watu wasiopanga foleni ilianzia kwenye zulia jekundu, ikazunguka chemchemi, ikapita kibanda cha aiskrimu, ikajikunja, ikarudi. Watu walisimama juani na dhahabu zao, watoto wanalia, akina baba wanatazama saa kwa zamu.

Mrashi alikwenda msalani. Msala ulikuwa nyuma, karibu na jenereta, na alipotoka alipotea njia akajikuta kwenye uchochoro wenye kivuli. Mwisho wa uchochoro kulikuwa na geti dogo, familia tatu za watu wa kawaida, na mhudumu anayepiga miayo. Akamuuliza hapo ni wapi. Mhudumu akamwambia ndipo pa kupandia Joka kwa wenye tiketi za kawaida. Akamuuliza mbona hakuna watu. Mhudumu akasema watu wote wamenunua dhahabu.

Mrashi alivua kofia. Katika maisha yake alikuwa ameshauza vitu vingi visivyokuwepo, lakini hajawahi kukutana na kitu kilichokuwepo, kizuri, tena cha bure, ambacho wenye pesa wanakikimbia.

Kesho yake alirudi na kitambulisho shingoni, kadi ya kliniki iliyogeuzwa nyuma, begani ana mkoba, na mfukoni ana bunda la utepe wa kufungia zawadi, ule wa kumetameta. Alitembea polepole pembeni ya foleni ya dhahabu, mikono nyuma, akisikitika. Akasimama mbele ya mkandarasi mmoja wa majengo, mtu wa tumbo na saa kubwa, mwenye mke, watoto wanne na hasira.

"Mzee, samahani. Nani amekuweka hapa?"

"Nimenunua dhahabu," alisema mkandarasi.

"Ndiyo maana nimeshtuka. Dhahabu si ya kila mtu? Mimi nilidhani mtu wa aina yako wamekuingiza kwenye almasi." Hapo Mrashi akajishika mdomo. "Aa, nimeropoka. Tafadhali usimwambie mtu."

Akaanza kuondoka. Hakufika mbali, kwa sababu mkandarasi alikuwa ameshamshika mkono wa shati. Naomba izingatiwe kwamba Mrashi alikataa kuuza. Alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, na mara ya tatu alikataa huku amefungua mkoba. Aliwafunga utepe mikononi mmoja mmoja, akawaasa wasiwaambie watu, akawapitisha nyuma ya kibanda cha aiskrimu. Walipofika kwenye jenereta mke wa mkandarasi alifunika pua. Mrashi akamweleza kwamba njia ya almasi huwa haipambwi, kwa sababu za usalama.

"Na hawa waliotangulia ni kina nani?" aliuliza yule mama walipofika getini.

"Hao ni wajaribu, mama. Joka halimpandishi mgeni wa almasi kabla halijapandwa na mtu wa kawaida. Likikatika, likatike nao."

Mama yule aliwatazama wajaribu kwa huruma, akampa mtoto wao mmoja peremende. Mhudumu aliona tiketi za kawaida zimo, akafungua geti. Kabla jua halijasogea, mkandarasi na watu wake walikuwa wameshaporomoka, wameshatapika na wameshuka wakiwa na furaha ya ajabu. Aliporudi mbele na kuwaona wenye dhahabu wako palepale alipowaacha, alijikuta anatembea kifua mbele.

Kuambiwa asiseme kulimfanya asiweze kulala bila kusema. Aliwanong'oneza washirika wake, nao wakawanong'oneza wake zao. Kufikia katikati ya wiki Mrashi alikuwa hafuati watu tena, watu ndio waliomfuata. Wengine walimpigia magoti. Mkoba ukavimba mpaka zipu ikawa haifungi, na yeye mwenyewe akaanza kusahau kwamba si mfanyakazi wa pale. Siku moja alimkemea mfagiaji kwa kuchelewa, na mfagiaji akaomba msamaha.

Jumapili mama mkwe alifika, amevaa nguo yake ya kutokea, na nyuma yake yuko mke wa Mrashi aliyejifanya anatazama maua. Mrashi aliwapokea kwa adabu zote, akawakalisha kwenye benchi la kivulini karibu na geti dogo, akasema hapo ndipo penye ofisi yake. Basi wakakaa kumtazama akifanya kazi. Familia zilikuja zikimwita bosi. Wanaume wenye magari makubwa waliinama kumsikiliza. Uso wa mama mkwe ulianza kulegea. Na mke wake, kwa mara ya kwanza tangu mambo ya harusi ile, alimtazama mumewe akatabasamu kidogo. Mrashi angeweza kuacha utapeli siku hiyohiyo, kama utapeli usingekuwa ndio unaomletea tabasamu hilo.

Ndipo mkandarasi alipotokea. Safari hii alikuja na ukoo: shemeji zake, mawifi wa mkewe, wafanyakazi wa ofisini, na dereva. Utepe uliisha, wengine wakakatiwa nusu nusu. Uchochoro ulijaa mpaka kwenye jenereta, ukapita msala, na watu wa almasi wakaanza kutoka jasho pamoja na wajaribu. Mkandarasi, asiyezoea kuona visogo vya watu, alisukuma akapita mbele ya fundi friji mmoja aliyekuja na mkewe na mtoto mgongoni.

"Ndugu, panga mstari," alisema fundi friji.

"Mimi ni almasi. Wewe endelea na kazi yako ya kujaribu."

"Kujaribu nini?"

"Si ndiyo mnalipwa mpande kwanza, kuangalia kama litakatika?"

Fundi friji alimtazama mkewe, mkewe akamkumbatia mtoto. Wakamwita mhudumu. Mhudumu naye, mtu asiye na hila, akaeleza kwa sauti ya kusikika na wote kwamba hakuna kujaribu, hakuna almasi, hapo ni geti la kawaida, ni bure kwa kila mwenye tiketi, na limekuwa hivyo tangu bustani ifunguliwe. Mkandarasi alitazama utepe mkononi mwake, akautazama uso wa shemeji yake mkubwa, kisha akamtazama Mrashi. Mrashi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama benchi, ambapo tabasamu lilikuwa limekwisha.

Walinzi waliwachukua Mrashi na mkandarasi mpaka ofisi ya meneja, na mama mkwe akaingia nao bila kualikwa, binti yake nyuma. Meneja alikuwa mtu mwembamba, ana kiyoyozi na meza ndefu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu ya kuita polisi. Mahali pengine Mrashi angeshakuwa na hadithi tatu kinywani. Lakini mwanamume hasimami mbele ya mama mzaa mkewe akaanza kuapa uongo, hata mwanamume kama yeye. Alifungua mdomo, akamwona mama mkwe, akaufunga. Alitazama chini akafikiria nyumba isiyo na mtu, na machozi yakamlenga, ya kweli kabisa, ambayo kwa bahati mbaya hakuna aliyeyaamini.

"Weka simu chini kwanza, mwanangu," mama mkwe alimwambia meneja, kisha akamgeukia mkandarasi. "Na wewe, baba, polisi utawaambia uliuziwa nini?"

"Nimeuziwa… nimeingizwa mjini, mama. Huyu amekula pesa yangu."

"Amekuuzia nini?"

Mkandarasi alifikiri. Alijiona mbele ya askari wa zamu akieleza kwamba alitoa pesa ili asimame kwenye foleni ya bure, tena akarudi mara kadhaa, tena akaleta ukoo. Alijiona pia mezani na washirika wake. Akavua utepe taratibu, akausokota, akasema yeye ana shughuli nyingi na mambo haya madogo hayana haja ya kukuzwa. Akatoka.

Mama mkwe akavuta kiti. Alimuuliza meneja ni malalamiko mangapi ya dhahabu aliyopokea wiki hii, akajibiwa yamepungua. Akamuuliza nani ameyapunguza. Mkono wa meneja ulitoka kwenye simu. Mama mkwe akasema yeye ni mtu wa sokoni, na anachokiona ni kwamba kijana huyu ameifundisha bustani nzima namna ya kuuza uchochoro wa chooni. Akitiwa ndani, gazeti litauliza kwa nini dhahabu inauzwa kuzidi nafasi zilizopo. Akipewa kazi, wazo linabaki humuhumu ndani.

Meneja alitazama dari, na nilivyoelezwa, macho yake yalianza kumetameta kuliko utepe.

"Kazi ipi?" aliuliza.

"Yoyote. Ila iwe na bosi."

Mrashi alitaka kusema kwamba wazo ni lake, na kwamba wazo la namna hiyo lina thamani yake. Mama mkwe alinyoosha mkono bila kumgeukia.

"Na huo mkoba nipe nikutunzie, mkwe wangu."

Mkwe hamnyimi mkwe. Akampa, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Jumapili iliyofuata uchochoro ulikuwa umepakwa rangi, jenereta limefunikwa kwa maua ya vyungu, na getini kumewekwa kibao cha mikanda ya almasi, ya bustani yenyewe, kwa bei ya Mrashi na nyongeza kidogo. Mkandarasi alinunua ya familia nzima. Fundi friji na wenzake walihamishiwa njia mpya inayopita nyuma ya mapipa ya taka, isiyo na kivuli hata cha kuazima, na hapo ndipo Mrashi alipopangiwa kazi, amevaa sare na kofia inayomfunika masikio. Mshahara wake wa mwezi ulikuwa kile alichokuwa akikipata kabla ya chai. Mkoba hakuuona tena. Kibanda cha mama mkwe sokoni kilipata ndoo nyingi mpya, na hakuna aliyeuliza.

Mke wake alirudi nyumbani. Kila Jumapili yeye na mama yake walikuja wakakaa mahali ambapo Mrashi aliwaona vizuri, nao walimwona vizuri zaidi.

Mchana wa Jumapili moja jua lilikuwa la utosi. Foleni ya kawaida ilikuwa imesimama tuli. Bwana mmoja mwenye miwani myeusi alitoka kwenye mstari, akamsogelea Mrashi, akamnong'oneza kama hakuna namna ya kupita haraka, kwa mtu anayeelewa. Ulimi wa Mrashi ulimwasha. Akatazama upande wa pili, akamwona mke wake anamtazama, hatabasamu, hakunji uso, anangoja tu.

"Hakuna namna, ndugu yangu," alisema Mrashi. "Ni foleni hiihii, kwa kila mtu. Panga mstari."

Nadhani hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolitamka ndani ya bustani ile. Bwana wa miwani alicheka kidogo kwa kuridhika, akamkonyeza, akamtia noti nene mfukoni mwa sare, akarudi kwenye nafasi yake kungoja aitwe.