Tairi Zisizotembea

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Gari langu la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, limepata mteja wa kwanza. Bwana Badruddin, muuza vitambaa wa Mji wa Kale, analitaka Jumamosi awapeleke mama yake na watoto Voi. Nisipompata yeye, atakodi la jirani yangu Muhdhar, mwenye tairi mpya na mdomo mrefu.

Truphosa, mke wangu, asema tairi zangu zina nyufa ubavuni kwa kukaa juani hapa Tononoka. Nimemwonyesha meno ya tairi: marefu, mazima. Tairi isiyotembea haizeeki. Amenitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne

Nimezipaka tairi mafuta ya nazi. Nyufa hazionekani tena. Muhdhar amepita. Amenisabahi, ameulizia mke, watoto, kazi ya bandarini, ndipo akaulizia kama tairi nazipaka au nazikaanga. Wivu.

Jumatano

Paka wa mtaa mzima wanalamba tairi. Nimewafukuza hadi nikachelewa kazini Kilindini.

Jioni nimelipeleka gari Bondeni kwa Kingi, mjaza upepo. Amejaza, akasema inatosha. Nimemweleza kwamba kuna kitanda, jiko, pipa la maji na mama mzima wa Bwana Badruddin; lazima upepo uzidi. Amenipa mpira wa pampu nijaze mwenyewe, akasogea mbali. Mwoga yule.

Alhamisi

Adhuhuri, jua kali. Bwana Badruddin amekuja na mkewe, Akila. Mume amesifu mapazia. Mke amechuchumaa penye tairi, akagusa, akanusa kidole. Kisha akamulika kwa simu na kusoma tarakimu za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Amemwambia mumewe kwamba tairi hizi zimemzidi umri mtoto wao wa pili. Nimemweleza kwa utulivu kwamba hazijatembea.

“Bwana Wekesa,” akasema, “mkate niliousahau kabatini nao haukutembea popote. Jana niliutupa.”

Papo hapo tairi ya nyuma ikapasuka. Kunguru wote wakaruka. Hakuna aliyeumia, ila Bwana Badruddin alijikuta ameketi chini, kofia mkononi. Ameinuka, amejipangusa, akaniuliza kwa adabu Muhdhar anakaa nyumba ipi.

Nikamwonyesha. Ningefanyaje?

Ijumaa

Truphosa asema nifikirie kama ingepasukia njia ya Voi, watoto wakiwa ndani. Nimefikiria. Haikupasukia njia ya Voi. Hoja yake haina msingi.

Jumamosi, 9 Agosti

Muhdhar ameondoka nao asubuhi. Mama wa Bwana Badruddin, kiti cha mbele, amenipungia mkono.

Nimefunga tairi ya akiba. Ilikuwa imening'inia chini ya gari tangu nilipolinunua. Mwende wa kwaya yetu anatafuta gari la kwenda Taveta. Nimemhakikishia kwamba tairi moja ni mpya kabisa: haijawahi hata kugusa ardhi.