Upawa wa Supu na Mkojo wa Koro

Jumatatu, 10 Novemba

Koro kakojoa tena kwenye mkeka wa tatami. Si pembeni. Katikati! Pale pale ninapokaa. Ingekuwa mimi, ningekuwa nimeshafukuzwa niende kwa dada yangu. Lakini ni Koro, mbwa mzee wa miaka kumi na mitatu, kwa hiyo mke wangu Tokie kapiga magoti, kafuta, kisha kamkumbatia. Pole mwanangu, pole. Bakuli la maji anajaziwa kutwa, na bado analilamba likiwa tupu. Tokie ana wasiwasi hadi hali chakula vizuri.

Mimi pia nina kiu siku hizi. Namaliza birika zima la chai, na usiku naamka kwenda haja kama mlinzi wa zamu. Kuna aliyeniuliza? Hakuna.

Ila dawa ya Koro naijua. Mtaa mzima huweka chupa za maji uani ili mbwa na paka wasikojoe hapo. Nimezipanga kuzunguka mto wangu wa kukalia. Tuone sasa.

Jumanne, 11 Novemba

Kaangusha chupa mbili, kaingia katikati, kakojoa mle mle.

Mbaya zaidi, Onuki wa nyumba ya mbele alikuwa kaja kutuletea matunda ya kaki. Kanikuta nimekaa kati ya chupa. Kauliza, kwa adabu zote, kama nimefungua duka. Tokie kacheka hadi machozi! Mimi sijamchekesha hivyo tangu nistaafu. Halafu Onuki kachuchumaa, kamkuna Koro shingoni, kasema mbwa mzee akinywa maji namna hii huo si utundu, ni ugonjwa, apelekwe kwa daktari. Tokie kamsikiliza kama redio ya habari. Hilo ningelisema mimi! Nilikuwa natafuta tu nafasi.

Onuki ni mwanamume aliyefiwa na mke, anapika mwenyewe, na mgongo wake umenyooka. Simpendi hata kidogo.

Nimejituliza kwa vipande viwili vya yokan. Maharage na sukari, vitamu mno. Kopo nalificha nyuma ya vitabu. Sawa, vilikuwa vinne.

Jumatano, 12 Novemba

Kwa daktari wa wanyama. Pale mapokezi mbwa huitwa kwa jina la ukoo wa nyumba anayoishi. Binti wa hapo kaita "Kitamura Koro!" kwa sauti laini kama anambembeleza mtoto. Jina hilo nimelibeba miaka sitini na minane, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Daktari Hayami kamtoa damu. Kaonya tusimnyime maji hata kidogo, atakufa. Kataka pia mkojo wake wa kwanza wa asubuhi, tuukinge kwa upawa. Tokie kasema Koro akiondoka, nyumba itakuwa haina mtu wa kuzungumza naye. Na mimi nimekaa pembeni yake!

Njiani kasema atamwomba Onuki akinge huo mkojo, maana Koro anamsikia. Nikasema haiwezekani. Upawa nitaushika mimi.

Alhamisi, 13 Novemba

Huyu mbwa ndani ya nyumba ni bomba lililopasuka. Nje, hata tone! Tumezunguka mtaa mzima, yeye mbele, mimi nyuma nimeinama na upawa wa supu, majirani wananiamkia kana kwamba hawaoni kitu. Anainua mguu, nasogeza upawa, anashusha mguu. Ananitazama. Tukafika kwa Onuki, anamwagilia maua. Akasema taratibu, niachie mimi kidogo, Bwana Kitamura.

Nikuachie! Nikageuza, nikaingia nyuma ya stoo yetu peke yangu. Mkojo ni mkojo.

Niliporudi na kichupa kimejaa, Tokie kanishika mkono. Kasema, kumbe unaweza, Baba. Nimelia kidogo jikoni. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 14 Novemba

Daktari Hayami haelewi. Damu ya Koro haina tatizo la sukari, lakini mkojo umejaa sukari tupu. Kasema hajapata kuona kitu kama hiki, itabidi Koro alazwe achunguzwe upya.

Koro alazwe! Mimi na Tokie peke yetu! Nilikuwa tayari kunyamaza. Lakini Tokie kaanza kulia, kauficha uso kwenye manyoya ya yule mbwa, na mimi sikuweza. Daktari kauliza nani aliukinga ule mkojo. Wote wakanigeukia. Hata Koro.

Nikasema huenda kulitokea mchanganyiko. Daktari kakitazama tena kile kichupa, kisha kaniuliza kwa upole, hivi Bwana Kitamura, siku hizi una kiu sana?

Hatimaye kuna aliyeuliza! Nilimweleza yote, kwa kirefu.

Nyumbani Tokie kaingia jikoni moja kwa moja. Upawa kautupa. Kopo la yokan kalipata.

Jumatatu, 17 Novemba

Majibu. Koro: tezi za juu ya figo zina matatizo, atapewa kidonge kila siku, ataishi. Mimi: kisukari, nimeambiwa na daktari wa watu.

Raha iliyoje! Tokie anatupimia chakula wote wawili kwenye mizani ile ile. Anatuuliza wote kama tumekunywa, kama tumekojoa. Sijawahi kupendwa hivi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimechunguza. Kidonge cha Koro kinafichwa ndani ya kiazi kitamu. Changu natupiwa mkononi. Koro akimeza anapapaswa kichwa. Mimi nimemeza, nimeinamisha kichwa, nimesubiri. Wapi! Na Onuki kaja kumpa pole mgonjwa. Si mimi, Koro.

Basi nimenunua yokan nyingine, ipo kwenye mfuko wa chakula cha mbwa. Keshokutwa daktari wangu anataka mkojo, aone kama kweli nimeacha vitamu. Tokie kaapa akisikia kuna sukari, atamwomba Onuki awe ananipikia.

Sina wasiwasi. Koro hana tatizo la sukari, Daktari Hayami kasema mwenyewe. Na dukani nimepata upawa mpya, wenye mpini mrefu zaidi.